Kuchora Ugogo kwa rangi za maji: anza na usichokipaka

Mtu anayetaka kuchora maisha ya kijijini kwa rangi za maji huanza kwa kuuliza anunue rangi gani. Kuna swali linalotangulia hilo: ni sehemu gani za karatasi hatazigusa kabisa? Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi za kupakia baiskeli, ambazo hufunika chochote kilicho chini yake. Mwenye rangi hizo anaweza kupaka ubao mzima mweusi, kisha akamweka ndege mweupe juu yake. Wa rangi za maji hawezi. Rangi yake ni unga laini ulioshikanishwa kwa gundi ya mgunga, ile ambayo Sudan huizalisha kwa wingi kuliko nchi nyingine, na tabaka lake ni jembamba kiasi kwamba mwanga hulipenya, ukagonga weupe wa karatasi na kurudi machoni. Ukishauziba weupe huo, umeuziba. Mng'ao wote utakaouona kwenye picha iliyokwisha huwa umeamuliwa kabla brashi haijalowa.

Ndiyo maana nimechagua Ugogo, nchi ya Wagogo mkoani Dodoma, kwa somo hili. Vitabu vingi vya rangi za maji viliandikwa na Waingereza, kwa ajili ya watu wanaochora mabonde ya kijani katikati ya ukungu na manyunyu. Ni vitabu vizuri, ila vinakwambia usubiri nusu saa tabaka likauke. Kaa chini ya mbuyu pale Mvumi au Hombolo mwezi wa Septemba, upepo ukivuma, uone kama utaipata hata robo yake. Mvua iliisha Aprili au Mei. Mibuyu imepukutisha majani, ardhi ni nyekundu, anga limepauka kwa vumbi, na ng'ombe wanateremshwa kwenye korongo kunywa maji ya visima vilivyochimbwa mchangani. Kila kitu kinang'aa. Mchoraji anayejua kuacha nafasi anakuta sehemu kubwa ya kazi imeshafanyika.

Vifaa, na pesa iende wapi

Pesa ipeleke kwenye karatasi kwanza, kisha brashi, rangi zije mwisho. Wengi hufanya kinyume, wakaishia na kisanduku cha rangi thelathini na karatasi inayojikunja. Karatasi ya fotokopi ina uzito wa gramu 80 kwa mita mraba. Ukiilowesha inafanya mawimbi na kuchanika. Manila za maduka ya vifaa vya shule ni ngumu kidogo, lakini hazikutengenezwa kuhimili maji, kwa hiyo rangi huzama papo hapo na kufifia. Zitumie kwa penseli tu. Unachohitaji ni karatasi ya rangi za maji ya gramu 300, ya pamba tupu kama mfuko unaruhusu. Shiti kamili huwa na sentimita 56 kwa 76. Ikate vipande vinne vya 28 kwa 38, na hicho ndicho kipimo cha mtu anayechora nje kwenye upepo. Kikubwa zaidi kitakauka upande mmoja kabla hujafika wa pili. Karatasi hizi ziko za aina tatu: laini, yenye mikwaruzo kiasi na ya mikwaruzo mingi. Chukua ya katikati. Mikwaruzo yake itakusaidia sana tukifika kwenye nyasi kavu na vumbi.

Brashi tatu zinatosha: ya duara namba 12, ya duara namba 6, na bapa yenye upana wa sentimita mbili na nusu. Za nyuzi bandia hazina ubaya. Kabla hujalipa, omba maji, ilowe, uikung'ute mara moja. Nywele zikijikusanya kuwa ncha moja kali, nunua. Ile nyembamba kama sindano, ya kuchorea kope za ng'ombe, iache dukani. Ndiyo inayoharibu picha nyingi kuliko kifaa kingine chochote.

Kwenye rangi, jifunze kusoma maandishi madogo. Kila tyubu ya maana huandikwa namba ya unga uliomo, na namba hiyo haidanganyi kama majina ya biashara yanavyoweza kudanganya. Nunua tano. PB29 ni bluu ya altramarini. PBr7 ni kahawia nyekundu ya udongo, sienna iliyochomwa. Angalia jina pia, kwa sababu namba hiyo hiyo hubebwa na kahawia nyingine za udongo, zikiwemo zile ambazo hazikuchomwa. PY43 ni manjano ya udongo. PV19 ni nyekundu ya waridi, nayo uichukue badala ya ile alizarini ya zamani, PR83, ambayo hufifia ikikaa kwenye mwanga. Ya tano ni PY154, manjano kali. Nyeusi usinunue: altramarini na sienna zikichanganywa nzito hutoa giza zuri zaidi, na zikiwa nyepesi hutoa kijivu unachoweza kukivuta kwenye ubaridi au kwenye joto kwa kuzidisha moja kati ya hizo mbili. Kijani cha tyubu nacho kiache. Utakitafuta Ugogo nzima mwezi wa Septemba usikione.

Kuna jambo la kufurahisha kuhusu ile kahawia. Wekundu wa ardhi ya Dodoma unatokana na chuma kilichoungana na oksijeni, na wekundu wa sienna ni wa asili hiyo hiyo. Michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, nayo imejaa wekundu wa udongo. Kwa hiyo unapopaka ardhi ya Ugogo kwa PBr7 hulazimiki kuhangaika kuifananisha. Imeshafanana.

Mfukoni ongeza vitu vya dukani: sahani nyeupe ya kauri ya kuchanganyia, makopo mawili ya maji (moja la kuoshea, la pili lisiguswe na brashi chafu), kitambaa cha pamba, chupa ya kupulizia maji, kipande cha mshumaa, wembe, na kichupa cha gilisirini ile ile wanayojipaka watu mwilini. Matone mawili au matatu ya gilisirini kwenye kopo la maji ya kuchanganyia huchelewesha rangi kukauka. Watengenezaji wenyewe huitia kwenye vibonge vya rangi ili visipasuke. Usizidishe, maana picha itabaki inanata na vumbi la Ugogo litaipenda.

Salamu kwanza, penseli baadaye

Ukifika kijijini usifungue mkoba kabla ya kusalimia. "Mbukwenyi" yako, hata kama Kigogo chako kinaishia hapo, itakufungulia mlango. Mueleze mwenye nyumba au mzee aliyepo unachotaka kufanya, na uombe ruhusa kabla ya kumchora mtu anayetambulika. Mama aliyepiga foleni kisimani ana haki ya kukataa kuchorwa. Watoto watakuzunguka, hilo halina dawa. Mpe mkubwa wao kazi ya kushika kopo la maji safi na atawapanga wenzake vizuri kuliko wewe.

Chagua saa. Dodoma iko takribani nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu kabisa na utosi. Wakati huo mti hauna kivuli cha kuchoreka. Kimejikunyata chini ya shina lake, na kila kitu kimekuwa bapa. Fanya kazi kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Asubuhi ndiyo chaguo langu, kwa sababu kivuli kirefu kinakuchorea umbo la ardhi bure na upepo mara nyingi haujachangamka. Jioni ina hatari yake: jua likikaribia kuzama utashawishika kuchora anga la machungwa na mti mweusi mbele yake. Picha hiyo ipo tayari kwenye kila duka la watalii kuanzia Arusha hadi Mombasa.

Kisha amua picha inahusu nini, kwa sentensi moja. "Mvulana ananywesha ng'ombe korongoni." Kama sentensi yako ina "na" tatu, una picha tatu. Maisha ya kijijini ni kazi, na picha ya kijiji isiyo na mtu anayefanya jambo huwa kama tangazo la kiwanja. Aliyelijua hili vizuri ni Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923, aliyesoma Makerere na London na baadaye akawa balozi wa Tanganyika nchini Uingereza. Alitumia rangi za mafuta, lakini fundisho lake linahamia kwenye rangi za maji bila shida: watu wake ni wadogo, hawana hata nyuso za kutambulika, ila unajua kila mmoja ameshika nini na anaelekea wapi. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku iko katika makumbusho ya MoMA, New York. Angalia picha zake jinsi mwili ulioinama unavyosema zaidi ya uso.

Sasa chukua penseli na daftari, uchore vijipicha vitatu visivyozidi ukubwa wa kiberiti. Kwenye vijipicha hivyo usichore vitu. Gawa madoa matatu tu: cheupe, kijivu na cheusi. Ugogo asubuhi mgawanyo huwa hivi: anga na ardhi ni kijivu chepesi, mbuyu na vivuli ni cheusi, na vyeupe ni vichache sana: mapaa ya bati, mgongo wa ng'ombe mweupe, upande wa shina la mbuyu unaopigwa na jua, labda mng'ao wa maji kwenye hori. Hivyo vichache ndivyo usivyovipaka. Ukitaka kuona nguvu ya uamuzi huo, tafuta picha ya Thomas Girtin iitwayo "The White House at Chelsea", aliyoichora mwaka 1800, miaka miwili kabla ya kufa akiwa na umri wa miaka 27. Mto, anga na ukingo vyote vimepakwa rangi tulivu za jioni, kisha kuna nyumba moja ndogo nyeupe. Jicho linakwenda pale pale.

Hamishia mchoro kwenye karatasi kubwa kwa mistari michache, bila kukandamiza na bila kufuta futa. Raba huchuna uso wa karatasi, na pale ilipochunwa rangi itaonekana chafu. Kwa watu na ng'ombe kuna kanuni moja ya kuwaokoa wengi. Ukichora umesimama kwenye ardhi tambarare, vichwa vya watu wazima wote, wa karibu na wa mbali, hukaa kwenye mstari wa upeo wa macho. Wa mbali anakuwa mfupi kwa miguu yake kupanda juu, kichwa kikabaki pale pale. Ukiwa umekaa kwenye kigoda, upeo utawapita wote kifuani au kiunoni. Ukikosea hapo, mchungaji wako wa mbali ataonekana ama ameingia shimoni ama anapaa.

Tabaka la kwanza

Inua ubao utakaoubania karatasi kwa kuweka jiwe chini ya ukingo wa juu, ili uwe na mteremko mdogo. Changanya rangi nyingi kuliko unavyodhani utahitaji, katika madimbwi mawili: moja la altramarini nyepesi iliyotuliwa kwa chembe ya sienna, la pili la manjano ya udongo na sienna. Zikolee kidogo kupita unavyotaka, maana rangi ya maji hufifia ikikauka. Jaribu kila moja kwenye kipande cha pembeni. Uso wa karatasi ulowe kwa maji safi, na kama upepo ni mkali, lowesha na mgongo wake kabla ya kuubana ubaoni. Maji ya nyuma yatakupa dakika za ziada.

Anza juu na brashi bapa au namba 12 iliyoshiba. Pitisha mstari wa rangi kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa sababu ubao umeinama, rangi itakusanyika kama ushanga wa maji kwenye ukingo wa chini wa mstari huo. Mstari wa pili uudake ushanga huo na kuuteremsha, wa tatu vivyo hivyo. Usirudi juu. Kila unaposhuka ongeza maji, anga lipauke, na ukikaribia upeo ingiza manjano ya udongo iliyo nyepesi sana. Anga la Ugogo wakati wa kiangazi halina bluu karibu na ardhi. Lina weupe wa vumbi, na anayepaka bluu moja kutoka juu hadi chini amechora nchi nyingine. Usisimame kwenye upeo. Endelea kushuka na dimbwi la pili, ukikoleza sienna kadiri unavyokuja mbele, ukiyazunguka yale maumbo uliyoamua kuyaacha meupe. Kazi hii ni kama kusonga ugali: ukishaanza huachi mwiko kumjibu mtu.

Ulichonacho sasa ni karatasi nzima yenye joto la ardhi na anga, na vipande vichache vyeupe vinavyoonekana kama makosa. Acha hivyo. Watu wengi hapa hushikwa na hofu na kuvijaza.

Hatari kubwa ya hatua hii ni kugusa wakati usiofaa. Inamia ubao na uutazame kwa ubavu dhidi ya mwanga. Karatasi ikimeremeta, ni mbichi, unaweza kudondosha rangi nyingine ndani yake ikasambaa kwa ulaini: vilima vya mbali kwa mfano, kwa altramarini na waridi kidogo, ambavyo kingo zake zinatakiwa zififie kwenye vumbi. Mmeremeto ukishatoweka lakini karatasi bado ni baridi ukiigusa kwa mgongo wa mkono, toa brashi. Tone la maji litakaloanguka wakati huo litaisukuma rangi pembeni na kuacha doa lenye kingo za kukunjamana, na doa hilo halifutiki. Kanuni ni rahisi kukumbuka: unachokiongeza kiwe na maji machache kuliko kilichopo kwenye karatasi. Kwa hali ya hewa ya Dodoma kipindi hiki cha hatari ni kifupi, na hiyo ndiyo faida moja ya ukavu ambayo Waingereza hawana. Ukikosa subira, weka ubao juani dakika chache.

Mbuyu, bati na vivuli

Mbuyu usiupake kahawia. Gome lake ni kijivu chenye zambarau na waridi, na linang'aa. Upande wa jua uache jinsi tabaka la kwanza lilivyouacha; upande wa kivuli weka altramarini na waridi, kisha kabla haijakauka gusisha sienna karibu na ardhi, wekundu upande juu wenyewe kama unavyofanya kweli kwa mwanga unaoruka kutoka kwenye udongo. Altramarini ina tabia ya kutua chembechembe kwenye mashimo ya karatasi, na chembe hizo zinakupa gome bila kuchora gome. Pale watu walipobandua magome ya kusokotea kamba, shina lina makovu mapana. Yachore mawili, yanaeleza matumizi ya mti huo kuliko maneno. Kwa matawi, anza shinani kwa kukandamiza brashi namba 6, usukume kuelekea nje huku ukiinyanyua taratibu, mkono wote uende, si vidole. Tawi la mbuyu ni nene na hukonda ghafla.

Nyumba za tembe, zile za mapaa bapa ya udongo, ni zawadi kwa mchoraji: umbo moja refu lililolala, lenye rangi ya ardhi ile ile, na kivuli kimoja chini ya paa. Lakini vijiji vingi leo vina bati, na naona wachoraji wengi wakilifuta bati ili kijiji kionekane cha kale. Hilo silikubali. Bati asubuhi ni kioo cha anga. Liache jeupe, liguse bluu nyepesi kwenye upande mmoja tu, na chora mistari miwili mitatu ya mikunjo, isizidi. Hakuna sehemu ya kijiji inayopendeza zaidi kwa rangi za maji. Vivyo hivyo madumu ya manjano kisimani. Katika picha nzima ya kahawia na kijivu, madumu matatu ya PY154 safi, yaliyoachiwa weupe chini yake tangu mwanzo, yanabeba jicho hadi pale mvulana alipo. Pikipiki iliyoegeshwa nayo iko kijijini. Ipo, ichore.

Vivuli viweke vyote kwa mkupuo mmoja, tabaka la chini likiwa limekauka kabisa. Changanya altramarini na waridi, chembe ya sienna, nyembamba ya kuonyesha ardhi chini yake. Piga mara moja na uondoke. Ukirudi mara ya pili utaikoroga ardhi na kivuli kitakuwa tope. Kivuli kifuate umbo la mahali kinapolala: kipande kinapoingia korongoni kinapinda, kinapopanda ukuta wa tembe kinasimama. Vivuli vyote vielekee upande mmoja, ule ulioanza nao saa moja asubuhi, hata kama jua limeshahama. Weka alama ya mshale kwenye ukingo wa ubao ili usisahau.

Ng'ombe na mchungaji

Usihesabu ng'ombe. Kundi linalokwenda majini ni umbo moja refu lenye migongo, kwa hiyo lipake kama umbo moja, ukibadilisha rangi ndani yake ingali mbichi: hapa sienna, pale kijivu kizito, pale ukiiacha karatasi tupu kwa ng'ombe mweupe. Kisha, likikauka, toa vichwa viwili au vitatu na pembe zao. Ng'ombe wa Ugogo ni zebu: ana nundu juu ya mabega, ngozi inayoning'inia chini ya shingo, na nyonga zilizochongoka msimu wa kiangazi. Nundu ndiyo saini yake. Ukiikosa umechora ng'ombe wa maziwa wa Uholanzi aliyepotea njia.

Miguu waachie vumbi. Kabla rangi ya matumbo haijakauka, pitisha brashi safi yenye unyevu kidogo chini yake, rangi iyeyukie ardhini. Hapo ndipo mikwaruzo ya karatasi inaposaidia: chukua brashi bapa yenye rangi nzito karibu kavu, uilaze na uipitishe haraka juu ya sehemu ya mbele. Itaruka mashimo na kuacha nukta nyeupe, nazo ni changarawe, nyasi zilizokatika, vumbi linalopigwa na jua. Kama unataka eneo kubwa zaidi la namna hiyo, sugua mshumaa hapo kabla ya tabaka la kwanza. Nta hukataa maji. Ila haitoki tena, kwa hiyo uwe na hakika.

Mvulana wa kisimani anahitaji miguso mitano: kichwa, mgongo ulioinama, mkono unaoshika dumu lililokatwa, mguu mmoja wenye uzito, na shuka. Kichwa kiwe kidogo. Kosa la karibu kila mtu ni kichwa kikubwa, na kinamgeuza kijana wa miaka kumi na tano kuwa mtoto wa chekechea. Acha mstari mwembamba wa karatasi juu ya bega lake upande wa jua. Kama uliusahau, subiri picha ikauke kabisa na ukwaruze kwa ncha ya wembe, taratibu. Wembe huo huo hutoa pembe inayong'aa, kamba, na mkato wa mwanga kwenye maji ya hori. Kwenye sehemu kubwa haufai. Hapo lowesha kwa brashi safi, subiri kidogo, kisha dodosa kwa kitambaa bila kusugua.

Halafu simama, urudi nyuma hatua kumi. Ukiona kila kitu kinaonekana vizuri sawasawa, umezidisha. Chagua sehemu iliyo mbali na mvulana, uipunguze makali kwa maji. Ukiona bado kuna jambo moja dogo la kurekebisha, funga kisanduku cha rangi. Hilo dogo likigeuka kuwa kubwa ndipo picha huharibika.

Nyuma ya karatasi andika kwa penseli jina la kijiji, mwezi na saa. Picha ikiwekewa fremu, iwe na kingo za kadi zinazoizuia isigusane na kioo, na itundikwe ukuta usiopigwa na jua. Kama unaipeleka Dar es Salaam au Zanzibar, ikague mara kwa mara, kwa sababu joto la pwani lenye unyevu huotesha ukungu kwenye karatasi. Yule mvulana na mwenye nyumba waonyeshe kazi kabla hujaondoka, na wakiitaka picha ya simu wape.

Kisha rudi mahali pale pale Januari, mvua ikiwa imenyesha, mtama na uwele vimeota na mbuyu umevaa majani. Hapo kijani kitakuwepo, ukichanganye mwenyewe: altramarini na manjano ya udongo kwa cha mbali, altramarini na PY154 kwa majani machanga ya mbele, na chembe ya sienna kila kinapozidi ukali. Hutahitaji kununua tyubu ya sita.